Fukueni Kwanza

Siku Mama Mkasi alipokichafua kikao cha kanisa, hakuwa amekusudia kuchafua chochote. Alikuwa amekaa benchi la nyuma, viatu kavivua kimyakimya kwa kuwa vilimbana, na akilini anakata gauni la bibi harusi mmoja mnene aliyekataa katakata kupimwa kiuno. Alikuwa fundi cherehani, mjane, na mwenye umri wa kuitwa bibi. Jina la Mkasi alipewa na wateja wake, nusu kwa ajili ya mikono yake, nusu kwa ajili ya ulimi.

Kanisa lenyewe lilikuwa kongwe na changa kwa wakati mmoja. Kwa miaka mingi yalikuwa makanisa mawili kwenye mtaa mmoja, la watu weupe huku na la watu weusi kule, kila moja likiimba kwa nguvu ili lisisikie la mwenzake. Halafu paa la weusi likaoza, na waumini wa weupe wakapungua hata wakabaki wazee na mabenchi. Shida ikafanya lile ambalo mahubiri yalishindwa kulifanya: wakaungana. Lakini kuungana si kupatana. Weupe walikaa kulia, weusi kushoto, na katikati palipita njia pana kuliko barabara ya nje.

"Sasa, ndugu zangu," alisema mchungaji huku akisugua viganja kwa furaha, "mwisho wa mwezi tutakuwa na Jumapili ya Upatanisho. Tutaoshana miguu, tutakumbatiana, tutalia pamoja, na yaliyopita tutayafuta!"

Makofi yakapigwa. Mchungaji alikuwa kijana mweusi aliyeletwa kutoka mbali, mpole, msomaji, aliyeogopa ugomvi kama paka aogopavyo maji.

"La pili ni kile kiwanja cha nyuma. Halmashauri ya mji imetupatia. Wazee wameshauri tukimwagie lami, magari yapate pa kuegesha."

Hapo mkasi ukafumbuka.

"Kiwanja kipi?"

"Kile chenye nyasi, mama. Nyuma ya ukuta."

"Kile si kiwanja, mwanangu," akasema Mama Mkasi, akasimama vilevile, peku. "Kile ni bwawa."

Watu wakacheka kidogo, wakidhani bibi amesinzia akaota. Hata binti yake, muuguzi, aliyekuwa amekuja kumchukua na kusimama mlangoni kwa sababu ndani ya kanisa alikwisha kuacha kuingia, alijishika kipaji cha uso.

"Chekeni tu. Chini ya zile nyasi kuna bwawa la kuogelea la mji mzima, lenye vigae vya buluu na ngazi za chuma. Nilipokuwa mtoto tulilichungulia kwenye matundu ya uzio, maana kibao kilisema weupe peke yao. Sheria ikabadilishwa. Ikatangazwa kwamba kila mtoto ataingia. Mimi na mdogo wangu usingizi haukuja! Kulipokucha tukaenda mbio, tukakuta malori yanamwaga udongo. Walilizika, jamani. Walilizika bwawa lao wenyewe, na maji yake ndani, ili sisi tusitie mguu."

Vicheko vilikwisha. Mama Mkasi akaendelea.

"Na joto la mwaka ule halikuwa na mfano. Watoto wa kwetu wakawa wanakwenda kuogelea machimboni, kwenye shimo la mawe lililojaa maji ya mvua. Mdogo wangu akaenda nao. Walimtoa kwa kamba."

Mwenyekiti wa wazee wa kanisa, mweupe mrefu, daktari wa meno mstaafu aliyezoea kusema na watu waliofungua kinywa bila kuweza kumjibu, akakohoa.

"Pole sana, mama. Kweli ni majonzi. Lakini wahenga walisema yaliyopita si ndwele..."

"Tugange yajayo!" Mama Mkasi akamdaka. "Haya, nigangeni! Tangu lini kidonda kikagangwa kwa kumwagiwa lami? Mnataka kunikumbatia, nami sikatai, mikono yangu ipo. Ila msinikumbatie huku mmesimama juu ya ule udongo. Wafilisti walivifukia visima vya Abrahamu, na Isaka alipofika hakuitisha ibada ya machozi, alichimba. Baina ya kufukia na kufukua ni herufi moja tu, ndugu zangu. Ninyi mkaibadilishe hiyo. Fukueni kwanza."

Akaketi. Ndipo upande wa kulia akasimama mtu ambaye hajawahi kusema neno kikaoni: Fundi Bomba, mzee mweupe mwenye mabega mapana, aliyezibua mabomba ya nusu ya nyumba za mji ule. Alikuwa ameshika kofia yake mbele kama mtu aliye mbele ya hakimu.

"Lipo," akasema. "Nilijifunzia humo kuogelea. Kina chake kinaanzia pale penye nguzo ya taa." Akaendelea kwa sauti iliyokwaruza. "Siku ya malori nilikuwepo, upande wa pili. Nililia. Mama yangu akanishika sikio akanielekeza kwa watoto weusi: 'Hao ndio waliokuharibia bwawa lako.' Nikaamini. Nimewachukia miaka na miaka kwa ajili ya maji ambayo wao hawakuyagusa hata kwa kidole."

Mchungaji akatazama kulia, akatazama kushoto. Ungeona jinsi alivyotamani ardhi ipasuke! Kisha akaikunja karatasi yake ya ajenda, akaitia mfukoni.

"Nani ana sururu?" akauliza.

*

Jumamosi walikuja wachache, wa kuhesabika kwa vidole. Mchungaji alikuja na jembe jipya lenye karatasi ya dukani kwenye mpini. Fundi Bomba alikuja na sururu na toroli lililolia kwa kukosa grisi. Mama Mkasi alikuja na mabuti ya marehemu mumewe, na nyuma yake binti yake, muuguzi, katika viatu vyeupe vya kazini.

"Sikuja kuchimba," binti akatangaza kabla hajaulizwa. "Nimekuja kuhakikisha huyu mama havunji kiuno."

"Basi simama pale uangalie kiuno," mama yake akamjibu, akapiga jembe.

Udongo ulikuwa mgumu kama moyo wa Farao. Walitoa mawe, wakatoa matairi, wakatoa chupa, wakatoa hata kitanda cha chuma ambacho hakuna aliyejua kilifikaje. Jua likapanda. Mchungaji akatoka malengelenge, akayaonyesha watu kama mtoto anayeonyesha jino lililong'oka. Muuguzi akayafunga kwa bandeji, akatazama alivyoshika jembe, akaguna, akamnyang'anya. "Hivyo unalikuna, mchungaji, hulimi. Sogea!" Na tangu hapo hakulirudisha.

Mchana ukielekea kuisha, walikuwa wamefika shingoni kwa Mama Mkasi na bado ni udongo mtupu. Mchungaji alianza kusema kwa upole kwamba pengine kumbukumbu, unajua, na miaka nayo...

Kong'!

Sururu ya Fundi Bomba ilikuwa imegonga kitu kisichokuwa jiwe. Fundi akapiga magoti. Mama Mkasi naye akashuka kwa makalio, bila haya, akatua kando yake. Wakakwangua matope kwa kucha, yeye huku na yule kule, wakatemea mate, wakasugua kwa mikono ya mashati. Ikatokea alama ndogo mfano wa kucha. Ikawa kama kiganja. Buluu! Buluu kali, buluu ya kuumiza macho, kana kwamba kigae kile kilitengenezwa asubuhi hiyo.

"Lipo!" Mama Mkasi akapaza sauti. "Lipo, jamani, lipo! Nilisema mimi! Nilisema!"

Akapiga vigelegele vilivyotoka kwenye lile shimo vikaruka ukuta vikafika barabarani. Muuguzi akajikuta anaruka juu chini na mchungaji wameshikana mikono. Wapita njia wakachungulia. Mwanamke mmoja mzee alipoona ile rangi alijishika kifua, akasema, "Mungu wangu, kumbe halikuwa hadithi," akaenda kumwita mumewe. Mumewe akaja na beleshi.

Fundi Bomba peke yake hakushangilia. Alikuwa bado magotini, kiganja juu ya kigae.

"Mama," akasema chini chini, "naomba unisamehe."

"Kwa lipi? Ulikuwa mtoto."

"Utoto ulikwisha. Nilikuwa na mafundi wadogo weusi niliowanywesha maji kwa kikombe chao, si changu. Kulikuwa na nyumba za kuuzwa ambazo niliambiwa nisiwape watu wenu habari zake, nami nikanyamaza. Kwa hayo."

Mama Mkasi alitaka kusema haya, yameisha, kwa sababu siku ilikuwa nzuri na mtu huyu alikuwa mzee. Lakini alikuwa mshonaji, na alijua mshono unaofungwa haraka hufumuka mbele za watu.

"Nimekusikia," akasema. "Sijafika huko. Nikifika nitakuambia. Wewe chimba."

"Nitachimba," akasema Fundi Bomba, akainua sururu.

*

Habari ina miguu. Jumamosi iliyofuata walijaa. Dereva mmoja wa tingatinga aliyekuwa akipita kwenda kazini aliegesha, akauliza kuna nini, akaelezwa. Akazima simu yake asipigiwe na bosi, akafanya kabla ya chai kazi ya majembe ya wiki nzima. Ngazi za chuma zikatokea, zimeota kutu lakini zimesimama. Ukatokea mstari mweusi wa vigae ulioonyesha mwanzo wa kina. Watu walibishana, walipakana matope, walipigana mizaha, na kwa sababu udongo hauna upande wa kulia wala wa kushoto, walichanganyika bila mtu kuwaambia wachanganyike.

Jioni, kwenye cherehani yake, Mama Mkasi aliomba kama alivyozoea, mguu ukikanyaga na sauti ikipanda na kushuka. "Bwana, umeniweka hai mpaka nikaiona buluu ile. Ahsante. Lakini mdogo wangu je? Hilo bado hujanijibu, na mimi sikuachi." Binti yake akamsikia kutoka jikoni.

"Hivyo ndivyo unavyoomba, mama? Kwa kugombana?"

"Wewe ulifikiri namna gani?"

"Mimi niliacha kwa sababu nina kesi na Mungu. Wodini kwangu bado yupo mgonjwa anayekataa nimguse kwa ngozi yangu, na Jumapili anaimba tenzi. Nilidhani mwenye kesi hatakiwi ndani."

"Ah, mwanangu. Kesi ndiyo maombi yenyewe. Asiyemwamini hakimu hapeleki mashtaka."

Binti alisimama kwenye mlango wa jikoni muda mrefu, kitambaa cha vyombo begani.

*

Ikafika ile Jumapili iliyopangiwa upatanisho. Mabeseni ya kuoshana miguu yalikuwa yamepangwa mbele, taulo zimekunjwa vizuri. Kwaya ndiyo kwanza imeanza wimbo wa pili, mlango ukasukumwa, na muuguzi akaingia. Tangu aache kanisa hajawahi kuvuka kile kizingiti. Alivuka, akapita ile njia pana ya katikati, viatu vyake vyeupe vikiacha alama za matope kwenye zulia.

"Wamelifukia," akasema, akihema. "Wamemwaga taka na udongo, nusu ya shimo. Na wameandika."

Wimbo ukakatika. Watu wakatoka mbio. Pale pale walipokuwa wamesafisha vigae paliandikwa, kwa rangi nyeusi na herufi kubwa, neno la kuwatukana weusi ambalo Mama Mkasi alikuwa hajaliona ukutani tangu utotoni. Kwa kitambo kile hakuwa bibi, hakuwa fundi. Alikuwa msichana mdogo kando ya uzio, amemshika mdogo wake mkono.

"Unaona, mama?" binti yake akasema, machozi ya hasira yakimtoka. "Unaona? Ndio watu wako hao!"

Kabla Mama Mkasi hajapata la kujibu, alimwona mchungaji. Yule kijana mpole, mwoga wa ugomvi, alikuwa anafungua vifungo vya joho lake. Akalivua, akalitundika kwenye uzio. Akapanda juu ya rundo la udongo.

"Ibada haijaisha!" akapaza sauti, na ikajulikana kumbe sauti alikuwa nayo. "Nani aliwaambia ibada imeisha? Nilitaka tuoshane miguu. Nilitaka tukumbatiane haraka haraka twende nyumbani tukale. Mungu anisamehe! Mtu mwenye sadaka na aiache madhabahuni, ashuke huku. Leo tunaabudu shimoni!"

Akaruka ndani na suruali yake ya Jumapili.

Wakamfuata! Waliruka na tai zao, waliruka na kofia zenye maua. Mabeseni ya kuoshea miguu yakapitishwa mkono kwa mkono, yakageuzwa vyombo vya kuchotea taka. Mtu wa kwaya akaanzisha wimbo, na ukashika moto, besi kutoka upande wa kina na soprano kutoka kwenye ngazi. Mke wa mwenyekiti, mwanamke mweupe mwembamba ambaye hakuna aliyewahi kumwona bila glavu, alivua viatu vyake vya visigino, akavitupa nyuma bila kutazama, kimoja kikampiga mchungaji mgongoni. Akafungua skafu yake ya hariri, akapiga magoti mbele ya lile neno, akaanza kulisugua. Wanawake watatu wakapiga magoti karibu naye, weusi na weupe, na mmoja akawa anasema, "Sugua, dada, sugua, hata kwenye kingo."

Muuguzi alikuwa bado juu, ngumi amezikunja. Mama Mkasi akamgusa.

"Umeuliza kama hawa ndio watu wangu. Walioandika siwajui. Watu wangu ni hawa walio shimoni. Na wewe tangu Jumamosi ya kwanza umo humo, au viatu hivyo vilijipaka matope vyenyewe?"

Binti akatazama viatu vyake. Kicheko kikamtoka bila ruhusa, kimechanganyika na kilio, akashuka ngazi za kutu, akaanza kuimba sauti ya pili, ile aliyokuwa akiiimba alipokuwa msichana.

Mwenyekiti hakushuka. Alisimama ukingoni akiwa amebebeshwa makoti ya watu, mengine begani, mengine mikononi, kama kamba ya kuanikia nguo. Mama Mkasi alipopita karibu akamsikia anakohoa.

"Goti langu halifai, mama. Na sitasema uongo, bado nadhani tulihitaji pa kuegesha magari." Akatazama mgongo wa mkewe pale chini, skafu ikigeuka nyeusi. "Lakini kesho nitakwenda halmashauri. Hawatanitoa mle mpaka watupe maji. Hao wote nimewang'oa meno, wananiogopa."

"Nenda, mzee," akasema Mama Mkasi. "Na uwaambie mambo mawili. Ukutani iandikwe kweli, jinsi lilivyofukiwa na kwa nini. Na kila mtoto wa mji huu afundishwe kuogelea hapa bure, bila kuulizwa ni wa nani."

Mwenyekiti akafikiri. "Hayo mawili," akasema, "ni ya haki." Na kweli alikwenda, na kweli hawakumtoa mpaka walipokubali yote.

Mama Mkasi akashuka upande wa kina. Fundi Bomba alikuwa anachota taka kwa beseni, ametota jasho, shati limempasuka kwapani. Mama akalitazama lile shati kwa jicho la kazi.

"Fundi."

"Naam, mama."

"Nimefika."

Mzee yule alielewa mara moja. Beseni likamponyoka. Uso wake ulijikunja, akafunika macho kwa kiganja chenye matope, na mabega yale mapana yakatikisika.

"Usinililie bado," akasema Mama Mkasi. "Msamaha wangu una kazi ndani yake. Maji yakijaa, utanifundisha kuogelea. Tangu siku ile machimboni sijawahi kuingia maji yanayopita magoti. Nimechoka kuyaogopa."

"Nitakufundisha," akasema Fundi Bomba. "Nitakufundisha, mama, hata kama itanibidi nikushike kidevu mwaka mzima."

Hapo ndipo walipokumbatiana. Mchungaji aliwaona, akafungua mdomo kutangaza jambo, muuguzi akamkanyaga mguu, akaufunga.

*

Bwawa lilipojaa, mji mzima ulikuja kutazama. Walibatizwa watu wengi siku ile, wazee kwa watoto, kila anayeibuka akipokewa na vifijo kana kwamba amefunga goli. Muuguzi hakubatizwa upya. Alisema kesi yake bado inasikilizwa, lakini alishika taulo, akamfunika kila aliyetoka, mweusi na mweupe, akiwasugua kichwa kama watoto wadogo. Mama Mkasi alikuwa amewashonea akina mama wazee mavazi ya kuogelea ya heshima, yanayofika magotini, na lile la mke wa mwenyekiti likaingia hewa likavimba kama puto, akawa anazunguka katikati ya bwawa akicheka hadi akanywa maji.

Masomo yalianza Jumatatu. Watoto walipangwa mstari ukingoni, wakiruka ruka kwa baridi na furaha, na katikati ya mstari, kichwa na mabega juu ya wengine, alisimama Mama Mkasi. Fundi Bomba alikuwa majini, kipenga shingoni, maji yakimfika kifuani, mikono ameinyoosha.

Zamu yake ikafika. Akatazama chini. Buluu ilikuwa inatikisika. Moyo ulimpiga kama cherehani iliyokatikiwa na uzi. Alimkumbuka mdogo wake, si kamba wala machimbo, bali kicheko chake tu, jinsi alivyokuwa akicheka kabla ya jambo kuanza. Vidole vya miguu vilijikunja kwenye ukingo.

"Bibi!" akasema msichana aliyekuwa nyuma yake, akimsukuma kiunoni kwa ncha ya kidole. "Bibi, ruka basi, na sisi tunasubiri!"

"Ninaruka, mjukuu wangu," akasema Mama Mkasi. "Ninaruka!"

Akaziba pua, akapiga kelele ya shangwe iliyowafanya watoto wote wapige na wao, akaruka.